Sahani Ambayo Sikuipangusa

Kazi ile niliipata kwa sababu mwanamume mgeni hawezi kupita daka, kile kibaraza cha mlangoni mwa nyumba ya Amu, akaingia mpaka ndani. Nilijua kusoma na hati yangu ilikuwa nzuri, lakini wasichana wenye hati nzuri tulikuwa wengi. Nilichowazidi wenzangu ni mama aliyekubali nivae buibui langu nitoke kwenda kugonga milango ya watu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Watu wa dawa ya mbu walikuja na mabomba mgongoni, wakaanzia Faza, wakavuka kuja kwetu, wakanyunyiza mtaa baada ya mtaa. Siku ya dawa wanawake waliambiwa watoe vyombo nje na wahamie kwa jirani hadi adhuhuri. Wakatoa masufuria, mitungi, magodoro na mikeka. Vyombo vya vidaka vya juu, katika chumba cha ndani kabisa, hawakuvitoa. Hivyo ni vyombo vya bibi na mama wa bibi, havibebwi vichochoroni vikatazamwa na kila mpita ndia. Vilibaki mahali pake, katika vile vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa ya ukuta, na dawa ikavikuta huko huko.

Haikupita wiki paka wakaanza kufa. Walizunguka wakifuata mikia yao kama wanaocheza, kisha wakaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa. Kuku nao vivyo hivyo. Watu wakaenda ofisini kulalamika, na baada ya siku kadhaa akaletwa mtu wa kupima kama ile dawa imekaa ukutani tu, au imeingia mahali ambapo mikono na vinywa vya watu hufika.

Tulimwita Bwana Afya. Alikuwa Mkristo wa kutoka bara, kijana bado, mwenye soksi ndefu na mazoea ya kuomba radhi kabla hajafanya lolote. Siku tatu za kwanza alikaa kwenye madaka ya watu, sanduku la chupa likiwa miguuni pake, akinyweshwa kahawa. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempitisha.

"Nimekunywa kahawa mpaka mkono unatetemeka," alimwambia mama, yeye akiwa nje na mama akiwa nyuma ya pazia la mlango. "Kuta ziko hatua kumi kutoka hapa, Bi, na mimi naziota tu."

"Owa hapa," mama akamjibu. "Utaingia."

Alicheka mpaka kikombe kikagonga kisahani. Kisha akauliza kama mtaani kuna msichana anayejua kuandika.

Alinifundisha kazi kwa asubuhi moja, pale pale dakani. Kulikuwa na fremu ya bati yenye pembe nne, kubwa kidogo kuliko kiganja. Unaibandika juu ya kitu unachotaka kukipima. Unachukua karatasi nene nyeupe kwa kibano, unaichovya katika spiriti, unapangusa ndani ya fremu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka juu kwenda chini, kisha unaikunja upande uliopangusia ukiwa ndani, unaitia chupani, unaandika. Nyumba ya nani, chumba gani, kitu gani. Katika kila chumba nilitakiwa kupangusa ukuta, sakafu, ubao wa kitanda, na chombo kimoja kilichokuwa kidakani siku ya dawa.

"Ukuta ukiwa na dawa sishangai, tumeiweka wenyewe," aliniambia. "Nataka kujua hivyo vingine. Hasa chombo, kwa sababu chombo kinakwenda mdomoni. Mimi sitaingia, dada. Ukisema umepangusa sahani, mimi nitaandika sahani. Sina jicho jingine isipokuwa lako."

Wanawake walinipokea kwa vicheko. Mmoja alinikalisha, akaniletea kaimati, akaniuliza kama kwetu kuta zimekwisha hata nije kupangusa za wenzangu. Mwingine alinipa kitambaa: "Maadamu umekuja kupangusa, anza na jikoni." Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilipenda mno kuingia katika vyumba ambavyo maisha yangu yote nilikuwa nimevijua kwa kuvisikia. Nilipenda ubaridi wa kuta, na mwanga ule wa mchana unaofika chumba cha ndani ukiwa umechoka, umepita nyua na milango mingapi. Kitu ambacho sikukipenda ni spiriti tu. Harufu yake ilikuwa ya pombe, na kwetu pombe ni najisi. Nilinawa kila nitokapo nyumba moja kuingia nyingine, na bado nilihisi inanifuata katika mikunjo ya nguo.

Dada yangu alijifungua wakati huo. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne. Mumewe alikuwa karani Mombasa, naye alirudi nyumbani kuzaa kama wafanyavyo wote. Alipata mtoto wa kike. Alilazwa chumba cha ndani kutimiza siku zake arubaini, asitoke, asipigwe na upepo. Nyumba yetu ilikuwa imenyunyizwa kiasi cha siku kumi kabla.

Mama alikuwa mwalimu. Alisomesha wasichana Kurani katika chumba cha mbele, na mkono wake wa kuandika ulijulikana mui mzima. Watu walimjia awaandikie kombe: anachovya kalamu ya tete katika wino wa zafarani, anaandika aya juu ya sahani, anaacha ikauke, kisha anaziosha zile herufi kwa maji ya marashi, na mgonjwa anayanywa. Sahani ya kazi hiyo ilikuwa moja, pana, yenye ukingo wa samawati, na ilikaa peke yake katika kidaka cha juu cha chumba cha ndani, imelala chali. Ilikuwa na adabu zake. Haichanganywi na vyombo vya chakula. Haioshwi kwa sabuni wala haisuguliwi. Maji yaliyoigusa hayamwagwi karoni yakapita njia ya maji machafu. Yananyweka yote, hadi tone la mwisho, na sahani inarudishwa ikiwa na unyevu wake.

Kila asubuhi mama alimwandikia dada. Nakumbuka siku ya kwanza aliiteremsha sahani, akaikuta ina utando mweupe chini, kama chokaa iliyodondoka darini. Chokaa katika nyumba zetu hudondoka kila siku, iko ndani ya nywele zetu na ndani ya chai. Aliipuliza. Haikutoka. Akaandika juu yake hivyo hivyo, kisha akaniita kwa furaha.

"Ndoo uone. Zafarani imeshika. Zamani ilikuwa ikiteleza, leo imeshika kama kwenye karatasi."

Kweli herufi zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Nilizitazama, nikasema mashallah.

Siku ya tisa ya uzazi wake dada alilalamika kuwa midomo yake inacheza yenyewe. Siku ya kumi na moja alianguka. Alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha. Mama akaona mkono unakaza, akamwahi mtoto, na dada akaenda nyuma, macho yamegeuka, meno yamefungana, mwili mzima ukipiga ubao wa kitanda. Aliporudi hakujua lililompata. Aliuliza kwa nini sote tumesimama.

Mtu wa hospitali alikuja, akasema ni kifafa cha uzazi, kinatokea, akatoa vidonge. Mama akaongeza kombe la jioni. Mimi nilikuwa nimeona paka. Sikusema neno hilo, nani atamfananisha dada yake na paka, lakini siku ya pili yake niliibeba fremu yangu nikaanza kupangusa nyumba yetu, nje ya zamu.

Dada alinitazama kutoka kitandani. Alikuwa amekonda usoni lakini ulimi wake mzima.

"Nipanguse na mimi," alisema. "Andika: dada mtu, chumba cha ndani. Waniambie kama nafaa kuliwa."

"Nyamaza, nitakosea mstari."

"Huko bara watasoma karatasi zako watasema, kumbe Amu kuna vumbi. Watashangaa sana."

Nilipangusa ukuta, sakafu, ubao wa kitanda. Nikapanda juu ya kiti kufika kidaka cha juu. Katika chumba kile hakukuwa na chombo kingine, ni ile sahani peke yake. Karatasi ilikuwa tayari imelowa, inadondosha spiriti juu ya vidole vyangu. Nikaitazama sahani. Mama alikuwa ameandika juu yake tangu kabla sijazaliwa. Nikaona mkono wangu unanuka.

"Na hiyo?" dada akauliza.

"Hii haiguswi na spiriti."

"Kweli. Mama atakukata mkono."

Nikainyanyua kwa mkono mwingine, kwa ncha za vidole, nikaishika pembeni, nikabandika fremu pale pale ilipokuwa imekaa, juu ya sakafu ya kidaka, nikapangusa kwa makini kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Niliona ni mamoja. Kama dawa imeingia kidakani, nilijiambia, itakuwa imeingia kidakani kote. Nikairudisha sahani, nikakunja karatasi, nikaitia chupani. Bwana Afya alitaka chombo, na sehemu ya chombo katika kibandiko cha chupa ilikuwa wazi. Nikaandika: sahani.

Sikufikiri hata kidogo kwamba sahani ilikuwa imekikinga kile kipande cha kidaka, kama mwavuli unavyokikinga kipande cha ardhi mtu anaposimama mvuani.

Siku mbili baadaye dada alianguka tena, mara mbili kwa asubuhi moja. Hapo nikamwambia mama habari ya dawa. Nilimwambia kwamba huenda ni chumba, kwamba shangazi ana nyumba ya makuti shambani ambako watu wa mabomba hawajafika, tumpeleke huko mpaka majibu yarudi. Lilikuwa ombi kubwa. Mzazi hatolewi kabla ya arubaini yake, na mama hakuwa mtu wa kuvunja jambo kama hilo. Aliketi muda mrefu, mtoto mapajani, akimwangalia dada usingizini.

"Majibu yako yakisema nyumba ni safi," alisema mwisho, "atarudi amalizie siku zake katika chumba alichozaliwa. Unanipa ahadi?"

Nikampa.

Tulimtoa alfajiri juu ya punda, amefunikwa gubigubi. Sahani haikwenda, kwa kuwa haitoki ndani ya nyumba. Shambani mama alimsomea tu, akimpulizia kifuani, na kazi ya chuo cha Kurani ikawa inamrudisha nyumbani kila mchana. Dada hakuanguka tena. Wiki ya kwanza midomo iliendelea kucheza, ya pili ikaacha. Alianza kula. Alianza kumtukana shangazi kwa chumvi ya samaki wake. Niliwatembelea kila Ijumaa na kumkuta anacheka meno yote nje, amemlaza mtoto juu ya magoti, anamfundisha kusema jina la babake, mtoto ambaye hata mwezi hajatimiza.

Mama alisema ni dua. Mimi nilisema moyoni kwamba ni chumba, na kila nilipokwenda kwa Bwana Afya nilimuuliza kama majibu yamekuja. Chupa zetu zilikuwa zimekwenda na meli hadi Mombasa, na kutoka huko sijui wapi.

Yalikuja siku ya thelathini na tatu ya uzazi wa dada. Bwana Afya alinisomea akiwa amesimama, anashindwa kuficha furaha yake, kwa sababu alijua habari zetu zote. Ukuta, kama ilivyotarajiwa. Sakafu, kidogo sana, sakafu zinapigwa maji kila siku. Ubao wa kitanda, kidogo.

"Na chombo?" niliuliza.

"Sahani hakuna kitu. Safi kabisa. Nyumba nyingine tatu vyombo vyao vimejaa dawa, tutawaambia wavioshe. Lakini ya kwenu, dada, ni nyumba salama. Mwambie mama amrudishe mgonjwa wake."

Naapa nilimsikia na sikukumbuka nilichokifanya. Lile neno "sahani" nililoliandika mwenyewe lilikuwa limesafiri mbali, likapita mikononi mwa watu wenye vifaa na elimu, likarudi likiwa kweli. Nilikimbia nalo nyumbani.

Dada alirudi kesho yake. Zilibaki siku chache tu za arubaini na mama alizipanga kama mtu anayelipa nadhiri: mtoto atanyolewa, watu watakula, na dada atakunywa kombe mara tatu kwa siku, si mara moja, kwa shukrani. Mwenyewe nilimshikia kikombe. Dada alikunja uso kwa mchezo.

"Marashi ya mama yana ladha ya ukuta," alisema.

"Umewahi kula ukuta?"

"Nimelala chumba hiki maisha yangu yote. Nimekula sana."

Akanywa, akanirudishia kikombe. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama kama kimebaki kitu.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alianguka na hakurudi. Ilichukua muda. Mwili ulikaza, ukalegea, ukakaza tena, na kila ulipolegea mama alimtilia maji ya kombe kati ya meno kwa kijiko. Mtu wa hospitali alifika akiwa na sindano. Nilikuwa nimemshika dada miguu. Nilihisi pale ilipoacha kupiga, na kwa muda niliendelea kuishika kwa nguvu zile zile.

Alizikwa kabla ya jua kuzama. Watu walisema kifafa cha uzazi, na mama akasema amri ya Mungu. Nyumba ilikuwa salama, karatasi ilisema. Kwa hiyo hakukuwa na wa kulaumu, na nilijilaumu kwa vitu visivyo na maana, kwa punda, kwa upepo wa asubuhi, kwa kumchekesha akinywa.

Mtoto alibaki kwetu. Mke wa jirani alimnyonyesha pamoja na wake. Wiki mbili hivi baada ya maziko niliingia chumba cha ndani asubuhi, nikamkuta mama ameketi chini mbele ya dirisha la uani na sahani magotini. Alikuwa amemwandikia mtoto. Alichukua ncha ya kidole, akaitumbukiza katika maji ya zafarani, akaipeleka kinywani mwa mtoto, na mtoto akainyonya.

Nilisimama. Mwanga ulikuwa ukiingia kwa upande, ukaanguka juu ya sahani, na nikaona kwamba sehemu iliyooshwa ilikuwa inang'aa kama sahani yoyote, lakini ukingoni, mahali kidole cha mama hakikuwa kikifika, palikuwa na gamba jeupe lililopasuka pasuka, lenye rangi ya manjano juu yake ambako herufi zilishika. Nilikuwa nimeona gamba lile lile katika nyumba nyingine. Katika nyumba zile nililipangusa nikaliandika.

"Mama, inatosha," nilisema. "Mwandikie kesho."

"Una nini? Umekuwa mweupe."

"Sina kitu. Nipe mtoto, nimtembeze."

Alipokwenda kusomesha, nilichovya karatasi katika spiriti nikaipangusa sahani ile mwanzo mpaka mwisho. Nilimpelekea Bwana Afya karatasi dakani alikokuwa, nikamwambia yote: kidaka, vidole, kibandiko. Hakunikaripia. Alikaa akiitazama ile karatasi, kisha akatafuta chupa yenye mdomo mpana, akawanasa ndani yake nzi saba au wanane waliokuwa kwenye maganda ya maembe, akatia karatasi, akafunga kwa kitambaa. Tukaketi naye, mimi upande wangu wa daka na yeye upande wake. Kabla ya alasiri wote walikuwa wamelala migongoni, wanazunguka, wanazunguka.

"Nilikwambia sina jicho jingine," alisema. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Siku ile ile aliniandikisha tangazo la nyumba zote, kwamba kila chombo kilichobaki kidakani kioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Nililipeleka mwenyewe mlango kwa mlango. Mama aliposikia alisema ni sawa, akaosha vikombe na mabakuli ya vidaka vingine. Sahani ya kombe hakuiosha. Ile si chombo, alisema.

Nilingoja aingie darasani. Nikaichukua, nikaenda nayo karoni, nikaisugua kwa sabuni ya mche na mchanga mpaka ukingo ukawa laini. Maji yalitoka meupe, kisha ya manjano, kisha safi. Nilipoinua uso mama alikuwa amesimama juu yangu. Wasichana walikuwa nyuma yake na juzuu zao vifuani.

"Hayo mai umeyamwaga wapi?"

Yalikuwa bado yanaingia shimoni.

"Maneno ya Mungu," alisema. "Pamoja na maji ya choo."

"Mama..."

"Umekaa na yule bwana wa bara ukaona kwetu ni uchafu. Dadako maji haya ndiyo yaliyomtuliza, nilimpa mpaka pumzi ya mwisho. Wewe umeyamwaga."

Ningeweza kusema pale. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba kitu alichobakiwa nacho ni hicho tu, kwamba alimpa mpaka pumzi ya mwisho. Nikaona bora aniite kafiri. Nikasema nilikosea, nilidhani ni sahani ya kawaida. Hakuna mtu nyumbani mle ambaye angeamini uongo huo, na yeye hakuuamini.

Hakusema nami siku nne. Siku ya tano nilimkuta anafunga furushi la nguo. Anakwenda Faza kwa dadake, alisema na ukuta, na anakwenda na mtoto. Nyumba hii imeingia shari. Huko Faza kuna mnyonyeshaji, kuna utulivu, na dadake ana sahani ya kombe aliyorithi kwa mama yao, haijaguswa na mtu.

Faza ndiko walikoanzia watu wa mabomba. Tangazo letu lilikuwa la mtaa wetu.

Nilimfuata hadi gatini. Watu walikuwa wakipakia magunia ya unga na makopo ya mafuta ya taa. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mtoto ndani ya buibui lake, akitazama upande mwingine. Nikakaa chini, karibu na miguu yake. Nilimwambia pale, kwa sauti ya chini, watu wakipiga kelele za kamba na magunia juu yetu. Nilimwambia dawa ilikuwa imekauka ndani ya sahani. Nilimwambia habari ya nzi. Nilimwambia utando ule haukuwa chokaa.

Nahodha akaita abiria. Mama hakusogea.

"Nilimpa mara ngapi?" aliuliza.

"Usihesabu, mama."

"Kabla hajakwenda shamba, kila asubuhi. Na jioni, baada ya kuanguka." Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya mgongo wa mtoto, kimoja kimoja, kama anavyowahesabia wasichana herufi za mstari. "Aliporudi, mara tatu. Siku ya mwisho sijui. Siku ya mwisho nilikuwa nikimpa kwa kijiko."

"Hukujua."

"Ilishika vizuri," alisema. "Nikakuita uone."

Kisha alimtoa mtoto katika nguo akanikabidhi, akiuangalia mkono wake mwenyewe kama kwamba hataki umguse zaidi. Akaondoka, hakuingia jahazini. Alirudi nyumbani peke yake kwa ndia ya nyuma, akawaambia wasichana watafute mwalimu mwingine.

Hajaandika tena. Wanaokuja kuomba kombe huwaambia mkono umeanza kutetemeka, nao humwamini, ingawa jioni hizo hizo humwona akidarizi kofia, tundu baada ya tundu, bila kukosea. Mtoto anatembea sasa. Mama humlisha kwa kijiko kipya cha bati alichokinunua mwenyewe, na kabla ya kila tonge hukinusa.

Nilipomwambia habari ya sahani sikumwambia habari ya kibandiko. Anajua kwamba nyumba ilipimwa, na anadhani wapimaji walikosea, watu wa bara na vifaa vyao. Hajui kwamba niliulizwa sahani, nikapangusa kidaka, nikaandika sahani. Amelichukua kosa lote, na nimemwona akilichukua, kila siku, mbele ya macho yangu. Mara nyingi nimekwenda kukaa karibu naye nikiwa nimeazimia kusema. Hunisogezea mkeka. Huniuliza kama mtoto amekula. Nami humjibu kwamba amekula.